Mtoto anayelinda masweta: mwalimu wa michezo apimwe kwa kipi?

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi katika shule moja ya msingi upande wa Maji ya Chai, barabara ya kutoka Arusha kwenda Moshi. Kipindi cha michezo, darasa la tatu. Watoto zaidi ya 70 walitoka darasani mbio, wakavua masweta na kuyarundika chini ya mjakaranda. Wavulana wakaondoka na mpira wao wa makaratasi. Wasichana wengi wakabaki pembeni, wengine wakisukana. Mwalimu, kijana wa kujitolea, alisimama na filimbi akihesabu magoli. Juu ya lile rundo la masweta alikaa binti mmoja mwenye matege makubwa. Akaniamkia, nikamuuliza mbona hachezi. "Mimi ndiye nalinda masweta," akasema. Kila kipindi? Kila kipindi.

Tangu mtaala mpya uanze kutumika Januari 2024, Sanaa na Michezo ni somo kamili kuanzia darasa la tatu, na swali limerudi kwenye mazungumzo ya walimu: nani anastahili kulifundisha? Wapo wanaotaka viwango vikali vya kitaifa kwa kila anayeandaliwa kuwa mwalimu wa michezo na afya. Wapo wanaosema kwa hali ya shule zetu, mwalimu yeyote mwenye moyo anatosha. Nimezisikiliza pande zote mbili, na naona zinagombania cheti huku binti wa masweta akiwa bado amekaa.

Wanaotaka viwango vikali wana hoja nzito. Mkataba wa UNESCO kuhusu elimu ya viungo na michezo wa mwaka 1978, uliofanyiwa marekebisho 2015, unataka kazi hii ifanywe na watu waliosomea. Marekani wamekwenda mbali zaidi. Chama chao cha walimu wa afya na michezo, SHAPE America, kilitoa mwaka 2017 viwango vya kumwandaa mwalimu mpya wa michezo katika maeneo sita: maarifa ya somo, ustadi na utimamu wa mwili wake mwenyewe, kupanga somo, kulifundisha na kulisimamia, kupima wanafunzi, na uwajibikaji wa kitaaluma. Mwalimu wa elimu ya afya ana waraka wake tofauti, uliotoka 2018.

Kwa nini ukali wote huo? Kwa sababu hapa mwalimu anashika mwili wa mtoto. Hesabu iliyofundishwa vibaya leo inaweza kurudiwa muhula ujao. Lakini mpeleke mchakamchaka mtoto mwenye selimundu, ile tunayoita sikoseli, asubuhi ya baridi ya Julai bila kumpa maji ya kunywa wala nafasi ya kupumzika, na unaweza kumwamshia maumivu ya kumlaza hospitali. Mwenye pumu akikimbizwa kwenye vumbi naye yuko hatarini. Mwalimu asiyefundishwa dalili hizi ataona uvivu, na mtoto ataadhibiwa kwa kuzidiwa. Nimeona hilo likitokea, na aliyetoa adhabu hakuwa mtu mkatili. Hakuwahi kuambiwa.

Upande wa pili nao hausemi upuuzi. Serikali imeweka uwiano wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi, na shule nyingi ziko mbali na uwiano huo. Mwalimu mmoja ana Kiswahili, ana Sayansi, ana zamu, na sasa ana michezo. Wanaotaka kusomea michezo hasa huelekezwa Butimba au Malya, vyote huko Mwanza, au kwenye shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukisema kesho asiyetoka huko asiguse kipindi, hakitapata mtaalamu. Kitapewa hisabati. Tayari ndivyo inavyokuwa kila mtihani ukikaribia.

Hoja yao nyingine ni ya vipaji. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32.2. Alphonce Simbu, anayefanyia mazoezi Arusha, amekuwa bingwa wa dunia wa marathoni Tokyo 2025. Viwango gani vya ualimu vilikuwa nyuma yao? Hoja hii inapendwa sana na siikubali. Kipindi cha michezo hakikuwekwa ili apatikane Bayi mwingine. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kushughulisha mwili kila siku. Ushauri huo unamhusu kila mtoto, pamoja na asiyeweza kukimbia. Kwa kumpima mwalimu wa michezo kwa vikombe vya UMITASHUMTA na UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, tumemzoesha kutafuta kumi na mmoja wazuri na kuwaacha wengine washangilie.

Kilichonifanya nisite kabisa kuunga mkono ukali wa vyeti ni mama mwalimu mmoja wa Moshi, maeneo ya Pasua, aliyekaribia kustaafu. Anafundisha Kiswahili. Nilimkuta na darasa zima linacheza rede, lakini rede ya kwake. Kwa kawaida anakaa mtu mmoja katikati, anajaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa mpira unaorushwa kutoka pande mbili. Yeye aliweka wawili: mmoja anajaza, mwenzake anamkinga. Mpira hauruhusiwi kurushwa, unaviringishwa chini. Alikuwa na viduara kumi hivi vilivyochorwa kwa kijiti, na chupa za maji zilizookotwa, watoto sita au saba kila kiduara. Mtoto mzito wa miguu alikuwa mjazaji, na kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyepesi, timu zilikuwa zinamgombania. Nilipompa shikamoo na kumuuliza alisomea wapi, alicheka. "Mwanangu, mimi sijasomea hii. Nimecheza rede tangu naijua dunia."

Kwa kiwango cha Marekani mama huyu angekwama kwenye karatasi za maarifa ya somo. Kwa kiwango cha mtoto aliyekuwa anajaza chupa, amefaulu. Na yule kijana wa Maji ya Chai anacheza mpira vizuri kuliko walimu wengi, ana mapafu ya kupanda Meru na kurudi, lakini kwa kiwango cha binti wa masweta ameanguka.

Kwa hiyo nadhani viwango tuvigawe. Viwe vikali pasipo huruma kwenye yale yanayoweza kumuumiza mtoto au kumweka nje: dalili za hatari, huduma ya kwanza, ukuaji wa mwili, namna ya kubadili mchezo ili kila mmoja aingie. Hayo yasijadiliwe, na mwanachuo asiyeyajua asiajiriwe. Viwe laini kwenye ustadi na utimamu wa mwili wa mwalimu mwenyewe, na kwenye ngazi ya cheti. Hata Wamarekani, katika kile kipengele cha utimamu, wameweka wazi kwamba mwalimu mwenye ulemavu asibaguliwe. Mama wa Pasua apewe mafunzo kazini kwa hatua, wakati wa likizo, na asajiliwe kwa anachoweza. Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2018, ndiyo mahali pa kuandika haya.

Afya ndipo ninapotofautiana na waliotenganisha nyaraka mbili, angalau kwa shule ya msingi na kwa mikoa yetu. Baadhi ya mito na chemchemi zinazotoka Mlima Meru zina floraidi inayozidi mara kadhaa kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yanajiumba chini ya fizi, yanatoka na madoa ya kahawia. Ikizidi kwa miaka mingi huingia kwenye mifupa, na ni moja ya sababu za miguu kupinda. Magadi tunayotia kwenye makande ili yaive haraka nayo huongeza floraidi hiyo, na kwa Moshi hilo ni jambo la jikoni kila wiki.

Sasa mwalimu aliyesomea somo la usafi kama lilivyo kitabuni anasimama mbele ya darasa hilo na kusema piga mswaki vizuri meno yawe meupe. Watoto wanafunga midomo. Madoa hayo hayatoki kwa mswaki, na hawakuyapata kwa uchafu. Akitoka nje, mwalimu yuleyule anamwacha mwenye matege akae juu ya masweta. Ni ujinga mmoja umejitokeza mara mbili, darasani na uwanjani, ndiyo maana nasema atibiwe mwalimu mmoja, kwa mafunzo mamoja. Na kichekesho kisichochekesha hata kidogo, kwangu ni uchungu, ni kwamba pale Tengeru, mwendo mfupi tu kutoka Maji ya Chai, kiko Chuo cha Ualimu Patandi kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Utaalamu wa kumwingiza mtoto huyu mchezoni uko jirani kabisa. Ukiwekwa kwenye viwango vya kila mwalimu wa michezo, hautahitaji kuagizwa kutoka popote.

Nakiri upande wa kutenganisha una pointi moja ambayo sijaweza kuiondoa. Hedhi, makuzi, kujikinga na maambukizi: haya yanataka mtu anayeaminika na aliyeandaliwa kwa utulivu, na kijana mwenye filimbi si lazima awe huyo. Mabinti wenyewe wamenieleza wangetaka mwalimu wa kike. Kwa hiyo kwa sekondari niko tayari kukubali walimu wawili. Kwa msingi, hapana.

Halafu kuna namna ya kupima. Mwanachuo akienda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, mkufunzi huja, mara nyingi kwa haraka kwa kuwa ana shule nyingi za kuzungukia, anakagua andalio la somo, anaangalia kama hatua zimefuatana, anasaini. Andalio la yule kijana lilikuwa safi, nililiona. Lilikuwa na malengo, zana, muda na tathmini, na mahali pa mahitaji maalumu palijazwa kwa wino mzuri: "watasaidiwa".

Mkufunzi aje uwanjani na saa. Achague watoto watano, mmoja awe yule wa mwisho kutoka darasani, ahesabu kila mmoja amecheza dakika ngapi kati ya dakika za kipindi. Aandike idadi hiyo kwenye fomu kabla ya kusaini. Kisha aulize masweta yako wapi, na nani yuko nayo.