Kitabu cha Getini na Rekodi za Simu

Ukiingia jengo la ofisi Upper Hill au Westlands jijini Nairobi, askari wa getini atakudai kitambulisho, kisha uandike jina na namba ya simu kitabuni. Tulilizoea jambo hilo baada ya shambulio la kigaidi la jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013, watu 67 walipouawa. Nami niliandika bila kinyongo.

Wanaotetea serikali kufuatilia mawasiliano na rekodi za watu hawatetei upuuzi. Shambulio la hoteli ya Dusit la Januari 2019 liliua watu 21, na mwaka 2025 wanaume wawili walifungwa miaka 30 kila mmoja kwa kuwasaidia washambulizi kwa fedha na vitambulisho bandia. Nyayo za namna hiyo hazionekani bila kupekua rekodi za watu.

Katiba haikatazi upekuzi huo. Kifungu cha 31 kinalinda mawasiliano yetu, cha 24 kinaruhusu haki hiyo ibanwe kwa sheria na kwa kiasi, nayo sheria ya ujasusi ya 2012 inadai kibali cha jaji wa Mahakama Kuu. Kwa hiyo swali langu ni moja: nani alifungua rekodi zangu, na kwa kibali cha nani?

Juni 2021 Wakenya wengi walijikuta wamesajiliwa katika vyama vya siasa wasivyovijua. Tulishuku vitabu vya getini na vya mawakala wa M-Pesa, maana ndivyo vyenye namba zetu za vitambulisho. Oktoba mwaka huo, Mahakama Kuu ikabatilisha usambazaji wa kadi za Huduma Namba, kitambulisho kipya cha kidijitali, kwa sababu serikali haikutathmini kwanza hatari kwa data za watu. Yote hayo ni madogo mbele ya 2024. Baada ya maandamano ya Mswada wa Fedha, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu visa 82 vya utekaji kati ya Juni na Desemba. Swali likawa jinsi watekaji walivyojua walipo vijana waliotekwa, kama si kwa rekodi za simu zao. Kampuni ya simu ya Safaricom ilisisitiza kuwa haitoi taarifa za wateja bila amri ya mahakama.

Basi tuonyeshwe amri hizo. Mahakama itangaze kila mwaka ni maombi mangapi ya vibali yaliletwa na mangapi yalikataliwa, na aliyepekuliwa aarifiwe uchunguzi ukiisha. Gaidi hapati faida yoyote kwa kujua hesabu ya mwaka jana. Mzazi anayezunguka vituo vya polisi, kuanzia Central hadi Kasarani, akimtafuta mwanawe, hesabu hiyo ingempa pa kuanzia.