Mwacheni alilie titi lake

Mwanamke anaondolewa titi kwa saratani, siku chache baadaye nyumba inajaa wageni. Kila mmoja na neno lake: "Shukuru Mungu, la muhimu uhai." "Wewe si ulishazaa ukanyonyesha?" Wanasema kwa upendo, najua. Lakini ukishaambiwa hivyo na kila anayeingia, utaanzaje kusema kwamba unaogopa kujitazama kwenye kioo? Unanyamaza, maana ukilia utaonekana huna shukrani. Mimi nasema alie. Mtu anaweza kushukuru kwa uhai wake na kulilia titi lake siku hiyo hiyo.

Kwetu wengi hufika hospitali ugonjwa umeshasogea, hivyo mara nyingi huondolewa titi zima pamoja na tezi za kwapani. Ngozi ya pale hubaki na ganzi, na mkono unaweza kuvimba hata miaka baadaye. Dawa nazo zinaondoka na nywele, hadi nyusi. Halafu anatakiwa aende harusini.

Wapo wanaotoa mchango wa sare lakini kwa fundi hawaendi, kwa sababu atapitisha futi kifuani. Wengine hukunja soksi au kipande cha kanga wakakitia kwenye sidiria. Akiinama kuokota kitu kinapanda juu, anakirudisha kwa kiwiko huku akiangaza kama kuna aliyeona. Kule Thika, Kenya, wanawake waliougua saratani hii wanafuma matiti ya uzi, mepesi, ya kufulika, na bei yake ni ndogo kuliko ya matiti bandia ya silikoni, yaani ya mpira laini. Aliyekatwa mguu tunamtafutia magongo, na hakuna anayemwambia anapenda urembo. Titi la kuvaa nalo lihesabiwe kuwa sehemu ya tiba, apewe kidonda kikishapona. Kifua kikielemea upande mmoja, hata mabega na mgongo huuma.

Na mume aitwe kabla ya upasuaji, aonyeshwe picha ya kovu, aulize anayoyaogopa. Waliokimbia wapo. Ila wengine wako pale pale kitandani, hawajui kama wanaruhusiwa kugusa, na mke anauona ukimya ule kuwa ni kinyaa.

Wewe unayekwenda kumjulia hali, keti. Muulize analalaje, mkono unamsumbua, ameshajitazama au bado. Akitaka kukuonyesha kovu, litazame. Asipotaka kuzungumza, mwoshee vyombo, urudi wiki ijayo.