Ukungu kwenye picha: wakati gani unamsitiri mtu, na wakati gani haumsitiri

Picha za wanawake wakivuna mwani Paje na Jambiani, za watoto wakitoka skuli, za ukumbini usiku wa harusi: nyingi siku hizi zinatufikia simuni zikiwa na sura zilizotiwa ukungu. Wapo wanaotaka kila mtu ambaye hakutoa ruhusa afichwe hivyo kabla picha haijarushwa. Wapo wanaolalamika kwamba ukungu unaiharibu picha na kumfanya mkulima wa mwani aonekane kama mtuhumiwa anayepandishwa mahakamani. Pande zote mbili zina hoja nzito, ila zote zinachukulia kwamba ukungu unaficha. Mara nyingi hauifichi sura hata kidogo, na mjadala ungeanzia hapo.

Ukungu wa kawaida wa programu za kuhariri picha kama GIMP au Photoshop, ule wa Gauss, huchanganya kila pikseli, yaani kila kitone cha rangi kinachoijenga picha, na jirani zake: jirani wa karibu huhesabika zaidi, wa mbali kidogo. Alama za uso zinasambaa, hazifutiki. GIMP hukifungua kichujio hicho kikiwa na kipimo cha pikseli 1.5, ambacho kinatosha kulainisha chunusi tu. Uso wenye upana wa pikseli 200 ukitiwa ukungu wa 10, vivuli vya macho, pua na mdomo bado vipo mahali pake. Ipunguze picha iwe ndogo kama stempu, na yeyote anayemjua mtu huyo atamtaja jina, kwa sababu picha ikisinyaa, ukungu nao unasinyaa. Kwa uso wa upana huo, chini ya 40 ni kazi bure.

Maandishi ndiyo hatari zaidi. Namba ya gari ya Zanzibar ni Z, tarakimu tatu na herufi mbili. Michanganyiko yake yote haifiki laki saba. Mwenye kompyuta ya kawaida hana haja ya kuuondoa ukungu. Anazichora namba zote, anazitia ukungu wa kiasi kile kile, halafu anatafuta ipi inafanana na ile ya pichani. Namba ya kitambulisho cha Mzanzibari iliyofichwa kwa vijiraba, yaani miraba mikubwa ya rangi, nayo inaweza kuvamiwa kwa njia hiyo hiyo. Kwa upande wa sura, mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin na Cornell Tech walionesha kwamba kompyuta iliyofunzwa kwa picha za watu fulani inaweza kuwatambua watu hao hata baada ya sura zao kutiwa vijiraba au ukungu.

Wanaoutetea ukungu wana jibu, na halipuuziki. Mpita njia wa Forodhani ambaye uso wake una pikseli 30 nyuma ya meza ya urojo hahitaji ulinzi wa benki. Tia ukungu wa 12, picha ibaki na uhai wake. Tena ukungu mzito uliohifadhiwa kwenye JPEG hupoteza taarifa kweli, maana thamani za rangi hukatwakatwa na kubanwa, na hakuna kitufe cha kuzirudisha. Kumbandika mtu huyo boksi jeusi ni kumtia doa asilostahili. Hapo mimi niko upande wao.

Lakini sisi tunaishi visiwani, na watu hujuana. Chukua picha ya mwanamke aliyeinama majini akifunga mbegu za mwani kwenye kamba. Uso umefifishwa vizuri kabisa, ila kanga aliyojifunga inaonekana wazi, na jina la kanga linasomeka. Nusu ya kijiji wameshamtambua kabla hawajautazama uso. Ukumbini hali ni mbaya zaidi: mpiga picha anawatia ukungu wageni waliosimama nyuma ya bibi harusi bila mabuibui, halafu anasahau kioo kikubwa cha mpambaji pembeni, na ndani ya kioo wote wapo, safi, na vipuli vyao. Anayetafuta sitara lazima aipitie picha kona kwa kona kwa ukubwa wa asilimia 100: vioo, madirisha ya magari, jina la ngalawa, beji ya skuli kwenye shati.

Kwa hiyo kitambulisho, namba ya gari, mtoto aliyefanyiwa ukatili, na wanawake waliopigwa picha wakijua wako faraghani, kwangu mimi hawa wazibwe kabisa. Na kuziba hakulazimu boksi jeusi. Kwenye GIMP bonyeza F, zungushia uso pamoja na masikio na nywele, na ulainishaji wa kingo uwe sifuri, la sivyo pembeni hubaki ukanda unaoonesha ya chini. Chukua rangi ya mchanga au ya ukuta ulio nyuma, jaza eneo lote. Ukishajaza ndipo utie ukungu juu ya kiraka na kingo zake ili kisigome machoni. Mtazamaji ataona ukungu, lakini chini yake hamna uso wa kufukuliwa. Mpangilio huo ukigeuzwa, ukungu kwanza na rangi nyepesi juu, umeharibu kazi. Kalamu ya kupakia rangi kwenye simu pia isiaminiwe: nyingine rangi yake si nzito, na kuongeza mwangaza wa picha kunatosha kuyaibua maandishi.

Makosa mengine hutokea wakati wa kuhifadhi. Tangu GIMP 3.0 ya mwaka 2025, vichujio vinaweza kubaki hai ndani ya faili la XCF, lile la kazi la GIMP yenyewe. Ukimtumia mtu faili hilo, anakizima kichujio na uso unarudi. Unganisha matabaka yote ya picha yaliyopangwa moja juu ya jingine, toa nakala ya JPEG kwa Ctrl+Shift+E, na uondoe alama ya tiki kwenye visanduku vya kuhifadhi data za Exif (taarifa zinazobebwa ndani ya faili la picha) na kijipicha cha ndani, maana kijipicha cha zamani kinaweza kubeba sura uliyokwisha kuificha. Hata kukata picha kumewahi kusaliti watu: mwaka 2023 iligundulika kwamba zana ya kuhariri picha ya simu za Pixel za Google iliacha ndani ya faili sehemu ya picha iliyokatwa.

Ukungu una kazi yake nyingine, ya urembo, na huko sina ugomvi nao ukifanywa kwa makini. Ukichagua mandhari tu na kuififisha, weupe wa kanzu utavuja nyuma na kuchora mwangaza kuzunguka mabega. Toa nakala ya tabaka, mfute mtu kwenye tabaka la chini kwa kunakili mandhari iliyo jirani, ndipo ufifishe, kisha umrudishe mtu juu. Ardhi aliyoikanyaga ibaki kali na ifife polepole kuelekea nyuma, vinginevyo ataonekana anaelea. Mtandio mwepesi uachwe nusu uwazi. Ukiukata kama karatasi, kila mtu ataona.

Wanaosema ukungu unawafuta wanawake wa mwani kwenye kazi yao wenyewe wananigusa kuliko hoja nyingine yoyote. Jawabu lao halimo kwenye kichujio. Bi mkubwa aulizwe kabla kamera haijainuliwa, na aambiwe picha inakwenda wapi. Akikubali, uso wake uwe mkali na ufifie ufukwe nyuma yake. Akikataa, piga mikono, kamba na mwani ulioanikwa, na kanga iwe nje ya fremu.