Stempu ya John Lewis: heshima ya bei rahisi?

Tarehe 21 Julai 2023 posta ya Marekani ilizindua stempu ya John Lewis, mtetezi wa haki za kiraia aliyevunjwa fuvu na askari huko Selma, jimbo la Alabama, mwaka 1965. Wapo waliobeza: Seneti imeukalia muswada wa haki za kupiga kura unaobeba jina lake, halafu tunabandikiwa sura yake kwenye bahasha kwa senti 66! Wana hoja. Stempu haimwandikishi mpiga kura hata mmoja, na kuitoa hakuhitaji idhini ya Seneti.

Lakini hapo ndipo penye nguvu yake. Mwananchi yeyote anaweza kupendekeza jina. Kamati ya ushauri huchuja, Postamasta Mkuu huamua. Kwa kawaida sharti mhusika awe amefariki angalau miaka 3 iliyopita. Lewis alifariki 17 Julai 2020, kwa hiyo stempu yake ilitoka siku 4 tu baada ya muda huo kutimia. Muswada bado umekwama.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Martin Luther King pia. Stempu yake ya senti 15 ilitoka Januari 1979. Novemba mwaka huohuo, muswada wa kumwekea sikukuu ulianguka katika Baraza la Wawakilishi, kura 5 pungufu ya theluthi mbili. Sheria ilisainiwa 1983, na sikukuu ikaadhimishwa kwanza 1986. Uso wa King ulishaingia kwenye masanduku ya barua, mpokeaji apende asipende, Bunge likiwa bado linabishana.

Kuhusu bei, wanaoiona heshima hii ni ya bei rahisi wamekosea hesabu. Kwa kiwango cha 2023, stempu 4 za King ni senti 60, hazifikishi barua. Ukibandika ya 5, senti 9 zinapotea, maana posta hairudishi chenji. Ya Lewis imeandikwa Forever: inatosha barua ya wakia 1 hata bei ikipanda. Aliyenunua ya Rosa Parks, mtetezi mwingine wa haki za kiraia, kwa senti 46 mwaka 2013 aliitumia 2023 bila kuongeza kitu.

Lawama yenye mashiko zaidi iko kwenye picha. Stempu inamwonyesha Lewis wa 2013, mbunge mwenye miaka 73. Lewis kijana, aliyepigwa picha mwaka 1963 nje ya warsha ya maandamano ya amani huko Clarksdale, Mississippi, amewekwa pembezoni mwa karatasi ya stempu 15. Ukishabandua ya mwisho, pembezo hilo hutupwa.