Msimwite mzembe

Nimesoma habari ya huyu dereva wa kujifurahisha tu aliyekwenda kwenye njia ya mbio za magari ya Nürburgring, Ujerumani, akateleza kwenye mzunguko wake wa kwanza na kugonga vyuma vya pembeni. Wengi hapa mnamwita mzembe. Mimi naishi Köln na nimeendesha pale mara kadhaa. Jamani, mwoneeni huruma.

Nordschleife, ile njia ndefu ya Nürburgring, si uwanja wa kuzunguka mbele ya majukwaa. Ni kilomita 20.8 za msituni, kona zaidi ya 70, na kati ya sehemu ya chini kabisa na ya juu kabisa kuna karibu mita 300. Unaanza na jua, mbele unakuta mvua. Mimi nilikuta maji ya rejeta yaliyomwagwa na gari lililonitangulia, tena kwenye kona ya kushuka. Hayaonekani kabisa! Usukani ukawa mwepesi ghafla, nikajua nimekwisha. Gari likasimama kwenye majani, shubiri moja kutoka kwenye chuma, nami natetemeka hadi kufungua mkanda nikashindwa.

Kinachoniuma zaidi ni gharama. Siku za wazi, yaani watu wa kawaida wanaporuhusiwa kuingia na magari yao, zinatumika sheria za barabarani, lakini bima nyingi hukataa kulipia ajali ya pale. Ukigonga chuma unalipa chuma, unalipa gari la kuvuta, na lako limeshaharibika. Ndugu mwandishi, hilo mngelitanguliza, maana kuna vijana wanaokodi magari ya kawaida mjini na kwenda nayo pale bila kusoma mkataba, ambao mara nyingi unakataza kabisa.