Kilio cha usiku wa tatu: titi, kopo na mizani

"Mtoto hashibi." Maneno hayo yakishatamkwa ndani ya nyumba yenye mzazi, ni vigumu kuyarudisha. Mdogo wangu aliyasikia usiku wa tatu baada ya kujifungua mtoto wake wa kwanza kwa upasuaji. Mtoto alinyonya nusu saa, akasinzia, akalazwa, akaamka analia baada ya dakika kumi. Ikawa hivyo tangu magharibi. Ilipofika saa nane usiku mama mkwe wake, aliyekuja kumlea mzazi kwa mapenzi yote, alikuwa ameshamtuma kijana kutafuta duka la dawa lililo wazi anunue maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Kwenye simu, wifi yake ambaye ni muuguzi alikuwa akisisitiza kwamba tone moja tu la maziwa ya kopo litaharibu kila kitu. Katikati yao alikaa mwanamke mwenye mshono tumboni na chuchu zilizochubuka, akiamini kwamba anamshindisha mwanawe na njaa.

Wote wawili walikuwa na hoja za kweli. Nimezipima kwa muda mrefu tangu usiku ule, na naona kuna jambo moja ambalo wote wawili walilisahau.

Nianze na wifi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apate maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 bila hata maji, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Ushauri huo umebadilisha mengi katika nchi zetu. Kenya, utafiti wa kitaifa wa 2008-09 ulikuta asilimia 32 tu ya watoto wa chini ya miezi 6 wakipewa maziwa ya mama pekee. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 60. Tanzania mwaka huohuo ilikuwa asilimia 64. Mafanikio hayo yametokana na kazi ya wauguzi na wahudumu wa afya waliorudia somo lilelile kliniki baada ya kliniki, na ni haki yao kuogopa kuyapoteza.

Hofu yao ina msingi katika namna titi linavyofanya kazi. Titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Maziwa yakitolewa, mwili hupokea agizo la kutengeneza mengine. Yakibaki yamejaa, hupunguza. Siku mbili za kwanza kuna dang'a tu, ile ya njano na nzito, na ni kidogo kwa sababu mtoto wa siku moja huhitaji kiasi kidogo tu kila anaponyonya. Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya pili na ya nne, na huchelewa kwa uzazi wa kwanza, kwa upasuaji, kwa mama mwenye kisukari au aliyepoteza damu nyingi. Kwa hiyo usiku wa tatu ni mgumu kwa wengi: mtoto amezinduka kutoka usingizi wa siku ya kuzaliwa, maziwa bado yako njiani, na kunyonya kwake kila baada ya muda mfupi ndiko kunakoyaita.

Sasa mpe chupa ya mililita 60 usiku huo. Atalala kwa muda wa saa nne. Nyumba itapumua. Na titi litakaa saa nne bila agizo lolote. Kesho yake maziwa ni machache kuliko yalivyopaswa kuwa, kilio kinaongezeka, chupa ya pili inafuata, na baada ya wiki mbili mama anasema maziwa yake yalikataa. Hasemi uongo. Lakini kilichoyakataza huenda ni ile chupa iliyotolewa kwa huruma. Tena kule kulala baada ya chupa hakuthibitishi kwamba alikuwa na njaa, maana kichanga humeza kinachomtiririkia mdomoni, na tumbo likishajaa kupita kiasi usingizi humjia.

Kilio chenyewe kina ratiba yake. Watoto wengi huanza kulia zaidi kuanzia wiki ya pili, hufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua hadi mwezi wa tatu au wa nne. Hulia hasa jioni, wawe wa titi au wa kopo. Bibi zetu waliita chango, wakanywesha majimaji ya kila aina, na mtoto alipofika miezi mitatu akatulia wakaisifu dawa ya mwisho.

Lakini mama mkwe naye asidharauliwe. Wapo watoto ambao kweli hawapati. Yupo asiyeweza kushika titi vizuri, yupo aliyezaliwa wiki ya 35 au 36 anayechoka na kulala titini kabla ya kushiba, na yupo ambaye maziwa ya mama yake yamechelewa mno. Karibu kila kichanga hupungua uzito siku za mwanzo, na kupungua hadi asilimia 7 ni kawaida. Ikikaribia asilimia 10, lazima mtu aliyefunzwa aangalie kuna nini. Mtoto asiyepata vya kutosha hukaukiwa maji, sukari yake ya damu hushuka, umanjano wake huzidi, na hali ikiwa mbaya sana ubongo huweza kudhurika. Na ninaomba kila mwenye kichanga nyumbani alishike hili: mtoto aliye hatarini zaidi mara nyingi halii. Amenyamaza. Analala sana, anaamshwa kwa shida, na watu wanamsifu kwamba ni mpole.

Utafiti nao hauko upande mmoja. Mwaka 2013 madaktari wa California walitoa matokeo ya jaribio dogo la watoto 40 waliopoteza asilimia 5 au zaidi ya uzito wakiwa na umri wa siku moja hadi mbili. Nusu yao walipewa mililita 10 za maziwa ya kopo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, baada ya kila mnyonyo, na wakaachishwa mara tu maziwa ya mama yaliposhuka. Walipofika miezi mitatu, asilimia 79 ya kundi hilo walikuwa wakipata maziwa ya mama pekee, ikilinganishwa na asilimia 42 ya wenzao. Kwa aliyezoea kusikia habari ya tone moja linaloharibu kila kitu, matokeo hayo yanashtua. Kisha lilifuata jaribio kubwa zaidi, la watoto 164, ambalo halikurudia faida hiyo. Na waliofuatiliwa hadi mwaka mmoja, waliokuwa bado wananyonya walikuwa wachache zaidi katika kundi lililopewa kopo. Mimi nasoma hivi: kijazilizi kidogo chenye kipimo, yaani maziwa ya kopo ya kuongezea titi, hakiui unyonyeshaji, ila hakuna sababu ya kumpa mtoto asiyekihitaji. Na mililita 10 baada ya titi, kwa sababu ya uzito uliopimwa na kwa siku zinazohesabika, ni mbali kabisa na chupa iliyojazwa saa nane usiku badala ya titi.

Isitoshe, California ina maji ya bomba yanayonyweka. Unga wa kopo si kitu kisicho na vijidudu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2007 unataka uchanganywe na maji yaliyochemka ambayo bado yana joto lisilopungua nyuzi 70, yapozwe, na yanayobaki yamwagwe baada ya saa mbili. Fikiria jiko la mkaa usiku. Botswana ilikuwa ikigawa maziwa ya kopo bure kwa akina mama wenye VVU, kwa nia njema kabisa, na mvua kubwa za mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006 zilipoleta mlipuko wa kuhara, watoto wasionyonya ndio waliofurika hospitalini, na wengi walikufa. Leo mama anayemeza dawa za kufubaza VVU hushauriwa kunyonyesha.

Kuna na hesabu ya mfuko. Mtoto wa kilo 4 anayetegemea kopo tupu hunywa karibu mililita 600 kwa siku, hivyo kopo la gramu 400 humwisha kwa siku tano hivi. Familia inayoanza kwa kujaziliza hujikuta hapo bila kupanga, na fedha zikipungua, kijiko cha unga hupunguzwa na maji huongezwa. Mtoto anashiba maji.

Sheria ziliwekwa kwa sababu ya biashara hii. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za uuzaji wa maziwa mbadala mwaka 1981, Kenya ikatunga sheria yake 2012, na Tanzania ina kanuni zake. Naziunga mkono bila kusita. Kinachoniuma ni kwamba hofu ya kuonekana unalitangaza kopo imewafanya wahudumu wengine wasiliongelee kabisa, na mama anayelihitaji kweli anaenda kufundishwa kulichanganya na muuza duka.

Jambo walilolisahau wifi na mama mkwe ni kwamba hakuna aliyekuwa amempima mtoto. Walibishana juu ya kilio. Mwongozo wa kimataifa unataka mama na mtoto waonwe tena kati ya saa 48 na 72 baada ya kujifungua, na wengi wetu wakati huo tuko nyumbani tunakunywa mtori. Kabla ya mizani kuna nepi: kufikia siku ya tano ziwe 6 au zaidi zilizolowa kwa siku, na choo kiwe kimetoka weusi wa lami kikawa cha njano.

Asubuhi tulikwenda zahanati. Aliyezaliwa na kilo 3.1 alikuwa na 2.82, yaani amepungua asilimia 9. Mkunga hakugomba na mtu. Alikaa nyuma ya mdogo wangu, akabadili jinsi alivyompakata mtoto hadi mdomo ukapanuka na kushika weusi wa titi, akamfundisha kukamua kwa mkono na kunywesha kwa kikombe kidogo. Kwa kuwa yaliyokamuliwa hayakutosha, akaruhusu kopo: mililita 20, baada ya titi, kwa kikombe, kisha arudi kupimwa baada ya siku mbili.

Mama mkwe alipewa kazi ya kuchemsha kikombe na kuhesabu nepi. Aliziandika nyuma ya daftari la mahitaji ya nyumbani, mstari kwa mkojo na duara kwa choo. Siku ya tano maziwa yalishuka hadi yakalowesha kitenge. Siku ya sita alinionyesha ukurasa wake: mistari saba na maduara matatu, na kopo likiwa kabatini, karibu limejaa.