Kidari kizima, tafadhali

Jumamosi iliyopita hapa Houston muuza nyama kaniuliza: kidari cha ng'ombe nataka upande upi, wenye mafuta au ule mwembamba? Nikaduwaa. Miaka yote Temeke, swali la bucha lilikuwa moja tu: steki au mchanganyiko? Ukisema mchanganyiko, shoka linashuka kwenye gogo, kidari kinaingia mfukoni pamoja na shingo na vijifupa vya kuvunja meno.

Najua mtakachosema. "Huyu kashaanza kuringa." Siringi jamani, nina hasira tu. Ng'ombe hana mtulinga, ule mfupa wa kuunga bega na kifua, kwa hiyo misuli ya kifua inasaidia kubeba uzito wa mbele. Ndiyo maana kidari ukikiharakisha kinakuwa soli. Hawa wa Texas wanakipaka chumvi na pilipili manga, basi, kisha wanakiacha kwenye moshi wa mwaloni, joto la nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi, saa 12 au zaidi. Nyama ikifika kama nyuzi 70 ndani inagoma: inatoka jasho, jasho linaipoza, mshale wa kipimajoto hausogei. Mara ya kwanza nikaongeza kuni kwa pupa, tukala kiatu. Ukivumilia hadi karibu 95, zile nyuzi ngumu zinazoshikanisha nyama zinayeyuka na kisu kinapita chenyewe.

"Saa 12? Mkaa wa nani?" Haya, hapo mmenibana. Bei ya gunia naijua, na mtungi wa gesi unaoishia njiani naujua pia. Lakini makongoro yanakesha jikoni kwa mkaa wa nani? Mbona hayo hatuyalalamikii? Uvumilivu tunao. Tatizo ni yule mwenye shoka, hakuna anayethubutu kumwambia, "Hapo usikate."

Na hawa nao wana ushamba wao. Niliulizia nundu, yule bwana akadhani namtania. Texas imejaa ng'ombe wa Brahman, wana nundu kama hawa wetu, halafu nundu hawaijui! Jirani yangu anayenifundisha kuchoma hupunguza mafuta ya kidari na kuyatupa pipani. Mama angelia. Supu ya asubuhi yenye ndimu na pilipili ndiyo usiseme, nikimweleza ananitazama tu.

Desemba nakuja. Nishamtumia ujumbe mwenye bucha wa mtaani aniwekee kidari kizima, kilo 5. Kajibu haraka, mstaarabu kweli: "Sawa kaka. Nikukatie vipande vikubwa au vidogo?"